Papa na Papa Nguru

Rahabu alikuwa amechoshwa na samaki hata kabla hajamtia machoni. Wiki nzima Antipasi, mumewe, hakuwa na hadithi nyingine. Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge, na Jumapili, kwa maneno yake mwenyewe, alivua kwa mshipi huko Pangani. Basi tangu arudi Mungaa, mahali ambapo hata maji ya kisima ni ya kugombania, alijiona bingwa wa bahari.

“Sokoni Singida wanauza aina mbili,” alisema, kidole juu. “Kuna papa, na kuna papa nguru. Mjinga anadhani ni ndugu. Papa nguru si papa hata kidogo, ni nguru aliyekaushwa, ila watu wa huku kila samaki wa chumvi kwao ni papa. Nguru unamloweka kidogo tu, unapika. Papa ndiye msumbufu, hulowekwa usiku kucha.”

“Baba Dina, tuchinje jogoo.”

“Jogoo hata kwao wapo.”

Kwao ni Pangani, alikotoka Alphonce, bwana mifugo kijana aliyeletwa kuangalia josho la ng'ombe la kijiji cha ujamaa. Alphonce alitaka kumwoa binti yao, Dina, na mama yake alikuwa njiani kuja kuwaona wakwe. Kijana hakuficha: mama hapendi habari za kuoa bara, na asiporidhika, hakuna ndoa. Dina alikuwa hali wala halali vizuri. Na uani jogoo mnene alikuwa akiwika bila kazi yoyote.

Antipasi na Alphonce walipanda lori pamoja kwenda mjini, wakarudi na samaki ndani ya kipande cha gunia. Rahabu akampapasa. Ngozi ilikwaruza kama msasa.

“Mbona anakwaruza?”

“Chumvi hiyo.”

Akamvunja kipande. Hakuona mwiba hata mmoja, ila kitu laini chenye kutafunika, kama sikio la mbuzi. “Samaki gani huyu hana mwiba?”

“Mama Dina, wewe bahari umeiona wapi?”

Ni kweli hakuwahi kuiona, na hilo ndilo lililomuuma. Miaka yote ya ndoa yao Antipasi alikuwa akimfunga mdomo kwa bahari ile ile. Wakibishana kuhusu mbegu za uwele, bahari. Wakibishana kuhusu paa linalovuja, bahari.

Alikusudia kumloweka hadi kesho yake kwa siri, lakini Antipasi akasimama mlangoni mwa jiko, jambo ambalo mwanamume wa Mungaa halifanyi, ati mkewe asije akaharibu ladha. Rahabu akapika alivyoamriwa, akaunga kwa karanga. Chungu kilipochemka, jiko zima likanuka kama zizi la mbuzi alfajiri.

“Harufu ya pwani hiyo,” Antipasi alisema, akavuta pumzi kwa furaha.

Mama Alphonce alifika, mwanamke mwembamba aliyenyooka, macho hayamwachi mtu. Dina akapiga magoti. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu.” Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha wakanawa, mgeni akamega ugali, akachovya, akatafuna. Mchanga ukasagika kati ya meno yake, wote wakausikia.

“Samaki gani huyu?” aliuliza taratibu.

“Papa nguru,” Antipasi akajibu.

“Huyu ni papa, baba. Tena hakukwanguliwa ngozi, wala hakulowekwa ikamtoka harufu yake ya mkojo.”

Rahabu alijua heshima ya ukweni, lakini siku hiyo ilimshinda. “Nilisema!” akapasuka. “Nilisema anakwaruza, nilisema hana mwiba, nikaambiwa bahari sijaiona! Nilitaka kuchinja jogoo!” Dina alijifunika uso kwa khanga. Rahabu alipomwona hivyo akajilaumu. Aliona ndoa ya mwanawe imeishia kwenye bakuli lile.

Antipasi akakohoa. “Lakini si mimi niliyemchagua. Nilisita. Alphonce ndiye aliyeniambia, baba, nguru ni huyu.”

Macho yote yakamgeukia Alphonce.

“Mama, samaki alikuwa amekatwa vipande,” kijana akaanza.

“Wewe?” Mama yake alisukuma bakuli. “Wewe uliyezaliwa unasikia mawimbi? Dada yangu, huyu tangu mdogo yuko hivi. Hajui, na kusema hajui hawezi. Nimechoka naye!” Akainuka, akamshika Rahabu mkono. “Twende jikoni. Na huyo jogoo anayewika ni wa nini?”

Walimchinja. Mama Alphonce alinyonyoa huku akicheka na kulalamika kwa pamoja, na Rahabu akajikuta anacheka naye.

“Binti nimempenda,” mgeni alisema. “Namwogopea yeye sasa, si mwanangu. Mume atakayempata ndiye huyo uliyemwona.”

Rahabu alichungulia nje. Chini ya ukingo wa paa Alphonce alikuwa amesimama mbele ya Dina, kidole juu, akimweleza kwamba kwa kweli sokoni kuna aina mbili, na kosa lilikuwa la muuzaji. Dina alimsikiliza, uso umemng'aa, hapepesi jicho. Rahabu aliujua uso ule. Ulikuwa wake, siku Antipasi aliporudi kutoka mkonge akaanza kumsimulia habari za bahari.

“Dina!” aliita kwa sauti iliyowashtua wote. “Njoo huku, mwanangu, kabla hujamwamini!”