Njia ya Kupanda Ukuta wa Balangida

Mwalimu mwenzangu mmoja aliponisikia nikisema nakwenda kutalii kwa baiskeli, aliniuliza nimepata wazungu wa wapi. Nikamwambia sina mzungu. Akauliza, sasa nani anatalii? Nikamwambia ni mimi. Alicheka mpaka akaweka chaki chini.

Naitwa Mectilda. Nafundisha jiografia Katesh, mwaka wa sita sasa tangu nihamishiwe huku kutoka Muleba. Kila mwaka nawafundisha watoto Bonde la Ufa kwa kuchora mistari miwili ubaoni, na ukuta wenyewe wa bonde uko nyuma ya Mlima Hanang, sijawahi kuukanyaga. Likizo zangu zote zilikuwa zinaishia ndani ya basi la Kagera, kwenda na kurudi. Juni hii nilimpigia mama simu nikamwambia siji. Akauliza kama naumwa.

Aliyekubali kwenda nami ni Oliva, muuguzi wa kituo cha afya, mtu wa Songea. Ana mwili mkubwa, na baiskeli alijifunza ukubwani, jioni, kwenye uwanja wa shule yetu, wanafunzi wakimshangilia kila alipoanguka. Baiskeli zetu ni za mtumba, za gia, tulizipata mnadani. Njia nilipanga kwa kuwauliza madereva wa malori ya viazi: kutoka Katesh tunapita Mogitu, tunapanda Gitting, tunashuka upande wa pili hadi Ziwa Balangida, halafu tunaupanda ukuta wa bonde mpaka Dongobesh, na kutoka pale hadi Mbulu mjini.

Siku ya kwanza tulipandisha Gitting kwa shida. Upepo wa mlimani ulikuwa unatusukuma nyuma kama mtu anayekataa tusiingie kwake. Kila tulipokutana na watu wakivuna ngano, walisimama na kutupa pole.

"Poleni, dada zetu. Gari limewaharibikia wapi?"

"Hatuna gari," Oliva aliwajibu. "Tunatembea tu."

"Mnakwenda msibani?"

"Hapana. Tunaangalia nchi."

Walituangalia kwa huruma zaidi kuliko kama tungesema msibani.

Kesho yake tulishuka hadi ziwani, breki zikinuka moto. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha uwanja mweupe wa chumvi, na hapo tukawakuta wanawake wawili wakifunga mifuko ya chumvi ya ng'ombe juu ya punda. Mmoja alikuwa wa umri wetu, akatuambia anaitwa Rahel. Mwingine alikuwa mama mkwe wake, mzee, amevaa sketi ya ngozi, na bangili za shaba zimejaa mkononi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema jambo kwa Kibarabaig.

"Anauliza hizo baiskeli zinabeba nini," Rahel alisema.

"Zinatubeba sisi."

Mzee aliposikia hivyo alitikisa kichwa, akarudi kwenye kamba zake.

Walikuwa wanapeleka chumvi juu, Dongobesh, nyumbani kwao Rahel, kwa njia ileile tuliyoitaka sisi. "Ila siku hizi kuna mti umelazwa njiani," Rahel alisema. "Wenye kambi ya mahema wameziba. Tunazunguka kwa korongoni, na mwezi uliopita punda wetu mmoja alivunjika mguu huko. Leo mama amesema hazunguki."

Tukaongozana nao. Kweli, njia ilipoanza kupanda tulikuta nguzo imelazwa toka jiwe hili hadi jiwe lile, na kibao kinachosema njia ya baiskeli, wageni wa kambi tu. Kijana mwenye koti la kijani alikuwa amesimama hapo. Alipomwona mzee alivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akatugeukia sisi akiwa hana raha. "Mimi naitwa Benedict. Naomba msinigombeze, nimewekwa tu. Ngoja nimwite meneja."

Meneja alishuka kutoka kwenye mahema akitembea taratibu, mtu mtanashati, sauti ya upole. Alijitambulisha kuwa ni Gerald, akatukaribisha, akaziangalia baiskeli zetu na tope lake.

"Nyinyi ni wa mradi gani, dada zangu?"

"Sisi ni watalii," nilisema.

Alitabasamu. "Kutoka wapi?"

"Katesh."

Tabasamu halikumtoka, lakini macho yalibadilika. Akatueleza kwa upole uleule kwamba njia ile kambi yake ndiyo iliyoisafisha na kuiwekea alama. Wageni wake walikuwa wamepelekwa juu kwa gari asubuhi, na muda si mrefu wangeshuka kwa baiskeli. Wametoka mbali sana. Wameahidiwa njia tupu.

"Tupu kivipi, na watu wapo?" Oliva aliuliza.

"Ndiyo maana tuna kizuizi."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini nyumba ina mlango. Nadhani hilo ndilo lililoniwasha. Kama angetutukana ningekuwa nimejiandaa.

Nikamwomba anionyeshe barua ya kijiji inayomruhusu kufunga njia.

"Ipo ofisini, mjini."

"Basi na nguzo ingebaki hukohuko mjini ikiisubiri."

"Dada, wewe ni mtumishi?"

"Ni mwalimu."

"Mwalimu, usije ukajiharibia kazi kwa ajili ya mchezo wa baiskeli. Naweza kumpigia mkuu wako wa shule sasa hivi."

"Namba yake unayo?"

Akatoa simu. Nikamtajia, tarakimu moja moja, polepole, kama ninavyowasomea watoto imla. Akabaki ameshika simu bila kuandika, nami nikairudia yote kutoka mwanzo.

Mzee alikuwa anamuuliza Rahel tunasema nini. Rahel alimweleza. Aliegemeza fimbo yake kwenye jiwe, akaishika ile nguzo kwa mikono miwili, akaanza kuinyanyua. Ilikuwa nzito. Bangili zilimteremka hadi kwenye viwiko. Niliangusha baiskeli yangu nikashika katikati, na Oliva, ambaye kazini huwageuza wagonjwa wazito kila siku, akashika mwisho.

"Benedict, wazuie hao," Gerald alisema.

Benedict hakusogea.

"Husikii?"

"Nasikia, bosi. Lakini huyu bibi nimeshampa shikamoo. Nitamshikaje tena?"

Nguzo tuliitupa majanini. Punda walipita kwanza, kisha Rahel na mama mkwe wake, kisha sisi. Gerald alikuwa anaongea na simu, na upole umekwisha. Sikugeuka, nikasukuma baiskeli nikiwafuata punda.

Ukuta ule haupandiki ukiwa umeketi. Tuliendesha vipande vifupi palipokuwa na nafuu, kwingine tukasukuma, na kwingine tukabeba baiskeli mabegani. Oliva aliitukana milima yote ya Manyara kwa Kingoni. Lakini kila nilipomwambia tupumzike alisema punda hawajapumzika.

Katikati ya mpando tukakutana na wageni wa kambi wakishuka, kofia ngumu kichwani, kiongozi wao mbele. Njia pale ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Kiongozi alipiga kelele tupishe. Mzee aliendelea kwenda kwa mwendo wake uleule, kamba ya punda mkononi, wala hakuinua macho. Wageni wakashuka mmoja mmoja, wakajibana kwenye mwamba na baiskeli zao za bei mbaya. Mmoja aliinua kamera. Mzee akanyoosha kiganja mbele ya ile kamera, bila hasira, na yule bwana akaishusha.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye mvi, anahema kama mimi. Aliniuliza kwa Kiingereza kama na sisi tuko kwenye safari ya baiskeli. Nikamwambia ndiyo, tumetoka Katesh, tunakwenda Mbulu. Akauliza, tunapanda hii? Nikasema tunapanda. Akatazama chini alikokuwa anakwenda, akatazama juu, akasema yeye angependa kupanda lakini hakuambiwa kwamba inawezekana.

Tulipotokea juu, baridi ilitupiga usoni. Mashamba, kondoo, mikaratusi, moshi wa majiko. Oliva alilala chali kwenye nyasi, mikono ameitanua.

"Nimepanda," alisema. "Mimi."

Kwao Rahel tulipewa maziwa ya moto na mahindi ya kuchemsha, na mama yake alishikilia kwamba lazima tulale hapo. Mbulu mjini tuliingia kesho yake tukiwa tumevaa nguo zote tulizobeba.

Gerald alipiga simu kweli. Shule ilipofunguliwa niliitwa ofisini nikakuta mkuu ameandika kwamba mtumishi wa umma amefanya fujo katika eneo la mwekezaji. Nilitakiwa kujieleza kwa maandishi. Nikajieleza. Nikapewa onyo, likawekwa kwenye faili langu, na liko humo hadi leo.

Benedict alifukuzwa kazi siku ileile tuliyoiinua nguzo. Hilo liliniuma kuliko onyo. Nilipopata namba yake nikampigia kumpa pole, akasema analima vitunguu saumu na baba yake na nisimsikitikie, maana pale kambini alikuwa anawafukuza shangazi zake mwenyewe. Ile nguzo ilirudishwa, wanawake wa ziwani wakaiondoa. Ikarudishwa tena, wakaja na punda wengi zaidi, na safari hiyo waliibeba wakaenda nayo. Kijiji kikaitisha mkutano, na wenye kambi wakaambiwa wazibe geti lao, siyo njia.

Baada ya kunisainisha onyo, mkuu alinitaka niahidi kwamba sitarudia.

"Kurudia nini, mkuu? Kuinua nguzo au kutalii?"

"Mwalimu Mectilda, umenielewa."

"Nguzo sitainua kama haipo," nilisema.

Nilimtakia kazi njema, nikaenda darasani. Desemba mimi na Oliva tunakwenda tena kwa baiskeli, pamoja na walimu wawili wa Masakta na karani wa mahakama, tunaanzia Basotu.