Maji ya Zuhura

...mkono wa kushoto mwanangu, nimemwambia, wa kulia ndio wa kazi, na huyu nesi akanitazama juu ya barakoa yake kama anayetaka kuuliza kazi gani, halafu akakumbuka, maana keshaambiwa, hapa kila mtu keshaambiwa, huyu ndiye Bi Mwanasiti, mwosha maiti wa wanawake wa Mji wa Kale, na ndiyo maana nimeketishwa mimi wa kwanza kwenye kiti hiki cha plastiki katikati ya madrasa, mbele ya ubao wa alifu na be, mlango wazi, wanawake wamejazana pale nje na mabuibui yao wakinikodolea macho, ati kamati imeamua, Bi Mwanasiti anaaminika, hakuna nyumba asiyoingia, wakimwona yeye amechanjwa hawatakuwa na neno, wazee wa kamati hao, wanaume watupu, hawakuuliza hata mwanamke mmoja, wangeuliza wangeambiwa kwamba mwosha huaminiwa siku ile moja tu, siku nyingine watu hawapendi hata kunywea kikombe alichonywea yeye, na sasa hivi nimemsikia mmoja pale mlangoni akimnong'oneza mwenziwe, mbona wametutangulizia huyu, au ndio anatuchukua vipimo kabisa, na mwenziwe akacheka ndani ya mtandio, nami nilitaka kucheka, wallahi, kwa sababu hilo ni neno ambalo Zuhura angelisema yeye, tena angelisema kwa sauti, asingenong'oneza, wifi yangu yule hakujua kunong'oneza, siku niliyoletwa mjini hapa kuolewa na kakake, mimi msichana wa Kwale sijui hata kupika pilau, alinitazama juu mpaka chini akasema mbele ya watu, haya, mmetuletea mtu au mmetuletea kijiti, na tangu siku hiyo hatukuachana, tulikuwa tukigombana asubuhi na jioni tunachambua mchicha pamoja, na mamake Zuhura aliponifundisha kazi hii ya kuosha, yeye mwenyewe hakuitaka, alisema, mikono yangu mimi haiwezi, lakini wewe wifi ndiye utakayeniosha mimi, usinimwagie maji ya baridi nikakutoka mbio, na nyayo zangu uziguse kwa adabu, sitaki kutekenywa nikacheka mbele ya watu, lawama zitakuwa zako... na huyu nesi ananiambia legeza mkono mama, umeukaza, na pamba yake ya spiriti imenigusa begani, baridi, baridi mpaka nimeshtuka, akaniambia pole, nikamwambia si kitu.

Si kitu, nasema, na kumbe ndicho kitu chenyewe, maana tangu mwaka jana maji ya baridi hayanigusi nikatulia, nikitawadha alfajiri nasikia mtu nyuma yangu ananiita wifi, maji, hivyo tu, wifi, maji, sigeuki, nshazoea kutogeuka, na nikiitwa nyumba ya watu kuosha, maiti nikimfunua ni bibi wa watu, namjua jina lake na la babake, lakini nikifika miguuni naona ni miguu ya Zuhura, ule ufa wa kisigino, ile hina iliyobaki kwenye ukucha mdogo, na mara moja, Mola anisamehe, nilisita na chombo cha maji mkononi nikingoja mguu ule uvutwe, mpaka wenye maiti wakaniuliza, Bi Mwanasiti, unaumwa? siumwi, nawajibu, na sindano ile naiona, anainua kichupa anakitazama kwenye mwanga wa dirisha, anavuta taratibu, jina lake Mapenzi, amejitambulisha vizuri, shikamoo mama, naitwa Mapenzi, natoka Likoni, mtoto wa Kigiriama huyu, ana adabu, na ameniambia kichupa kikishafunguliwa lazima kiishe leo leo, kisipopata watu kinamwagwa, akautazama mlango anaposema hivyo, nami nikautazama, na pale mlangoni, mbele ya wote, mkono kiunoni, tumbo mbele, nikamwona Zuhura, la, si Zuhura, ni Ruweida wake, binti yake wa pekee, kasimama vile vile alivyokuwa akisimama mamake akigombana na muuza samaki, mimba ya miezi saba, na huyo ndiye aliyeniweka kwenye kiti hiki, si kamati, kamati mimi ningeliifukuza kwa maneno mawili, lakini Ruweida alikuja jikoni kwangu juzi akaketi juu ya mbuzi ya nazi hata hakuna nazi, akasema, mama, ananiita mama tangu mamake aondoke, wenzangu wananiambia chanjo hii itamtoa mtoto, wengine wananiambia ni mpango wa kutupunguza, ati baada ya miaka miwili mtu huanguka, na daktari wa kliniki ananiambia nichanjwe, mimi simwamini hata mmoja, nakuamini wewe, ukichanjwa wewe nami nitachanjwa, usipochanjwa sichanjwi, akanikabidhi hivyo, akanywa chai akaenda zake, na mimi nikabaki na mwiko mkononi, maana nimekabidhiwa watu wawili, yeye na aliye tumboni, na mimi sijui, hilo ndilo jambo, mimi najua maiti, mambo ya dawa siyajui, nikisema ndiyo akapatwa na jambo ni mimi, nikisema hapana akapatwa na ule ugonjwa uliomchukua mamake ni mimi, na kwa vyovyote ni mimi nitakayeitwa kumwosha, kama safari hii wataniruhusu.

Kama wataniruhusu, kwa sababu Zuhura hawakuniruhusu, aliingia hospitali kwa miguu yake, anakohoa, ananiambia nichungie kuku wangu, na siku walipotupigia simu walitupigia kwamba twende makaburini tusimame mbali, basi, hakuna kumleta nyumbani, hakuna kumtazama, na mimi nikafungua kabati lake nikatoa bafta ya sanda yake aliyoinunua mwenyewe Biashara Street, aliipima mwenyewe akigombana na mwenye duka kwamba mwanamke mnene kama yeye hatoshwi na ile, nikatoa na kafuri na majani ya mkunazi, nikavitia vyote kwenye bahasha ya kaki nikaibeba kifuani kama mtoto mpaka geti la makaburini, askari akaniambia rudi nyuma mama, na wale watu waliovaa meupe kutoka kichwani mpaka miguuni, hata macho hayaonekani, wakamshusha kwenye gari ndani ya mfuko, wakamtia chini kwa kamba, alasiri ya jua kali, Ruweida ananililia begani, na bafta bado ninayo mikononi, nayo hata leo imo kabatini kwangu, sijui niifanye nini, na mwezi mmoja baadaye akaja bwana mmoja wa afya, kitambulisho shingoni, kuzungumza na wafiwa, nikamuuliza, bwana, yule wifi yangu aliosh... hata sijamaliza neno, akanijibu, ndiyo mama, kila kitu kilifanywa kwa mujibu wa sharia, ondoa shaka, akapita kwa mwengine, akamjibu yale yale, na Ruweida akalishika lile, akalala usiku ule kwa mara ya kwanza, alhamdulillahi mama, walimwosha, lakini mimi sikulishika, mtu asiyengoja swali liishe hajui jibu, na sheikh naye akaniliwaza, aliyekufa kwa maradhi haya ni shahidi, usijitese, nikasema nimekubali, na nimekubali kweli, kwa ulimi na kwa moyo, mikono tu ndiyo haikukubali, mikono ina njaa ya ile kazi mpaka leo, na juma lililopita ni gari lile lile, lile lile jeupe lenye bomba la sauti lililokuwa likipita kutuambia tusitoke majumbani wakati walipoufunga Mji wa Kale, likapita tena vichochoroni likisema njooni mchanjwe ni salama, sauti ile ile, hata dereva sikudhani kabadilishwa, na wanawake wakafunga madirisha, nani angeshangaa, mimi mwenyewe nilifunga langu.

Tayari mama, ananiambia Mapenzi, utahisi kama mdudu amekuuma tu, na mimi, sijui ni nani aliyenifungua mdomo, sikupanga, nimemwambia, mwanangu, mwaka jana ulikuwa wapi, akasema nilikuwa wodini mama, wodi ile ya corona, na sindano imesimama hewani kati yetu, nikamuuliza, wale waliokufa, mliwaosha? nikamaliza swali lote, sikukatizwa, nje tuktuk inapiga honi, mtoto wa mtu analia, nikayaona macho yake juu ya barakoa yanatafuta pa kwenda, nikasema moyoni haya, sasa hivi utanipa ile ya mujibu wa sharia, nami nitashuka kwenye kiti hiki niende zangu, na akasema, hapana mama, kwa sauti ndogo hata mlangoni haikufika, hapana, zamu zangu hatukumwosha mtu, tuliambiwa tusiwaguse, tulinyunyiza dawa juu ya nguo zao, tukafunga mfuko, siku nyingine walikuwa wengi mpaka tunaulizana majina, na mimi nilikuwa naogopa mama, nilikuwa na mtoto ananyonya, nilikuwa nawafunga upesi upesi nitoke, akasema, samahani, ulikuwa na mtu wako? nikamwambia nilikuwa naye.

Nilikuwa naye... na nilidhani siku nitakayolisikia neno hili nitaanguka, sikuanguka, limenichoma, limenichoma hasa, Zuhura wangu na jasho lake la homa na nguo za hospitali, kafungwa kama mzigo na mtoto wa watu anayetetemeka, lakini kuna kitu kimekaa chini ndani yangu, tangu mwaka jana kilikuwa kimesimama, maana sasa najua, nilikuwa najua na sasa nimeambiwa, na aliyeniambia hakuwa na faida yoyote ya kuniambia, anataka kunichanja huyu, wanawake wale anawataka waingie, kichupa chake kitamwagwa, lingemtosha neno moja tamu na asingejua mtu, wala hakulisema, na mimi nimemuuliza upesi kabla hajajikusanya, na huyu wangu mjamzito, akichanjwa mtoto atakuwaje? akafikiri, ananifikiria mimi huyu, hajibu kwa kasi, akasema, mama, ninalolijua ni hili, wajawazito wasiochanjwa niliwaona wodini, wengine walifariki wao na watoto wao, na waliochanjwa tunaowafuatilia kliniki wanajifungua, wanapata homa siku moja mbili, mkono unauma, hayo nayajua, ya miaka ishirini siyajui, haijafika, mimi mwenyewe nimechanjwa na bado namnyonyesha wangu, kama ni kosa basi nimelikosea nyumbani kwangu kwanza, na hakusema ondoa shaka, nilikuwa nalingoja hilo ondoa shaka, halikuja.

Niendelee mama? ananiuliza, na mkono wangu uko wazi vile vile, spiriti imeshakauka, mlangoni wameanza kuguna, anaogopa huyo, hata mwosha anaogopa, na Ruweida pale mbele ananitazama usoni mwangu, si mkononi, usoni, anangoja nitabasamu, nikitabasamu tu ataingia, atakunja mkono wake, na atakwenda nyumbani akiamini nimemwambia kweli, na itakuwa kweli, lakini chini yake kuna ile ya yule bwana wa kitambulisho, walimwosha mama, alhamdulillahi, na siku atakapoijua kweli, na mji huu hakuna lisilojulikana, atasema ikiwa lile lilikuwa uongo basi na sindano ni uongo, na atakuwa na mtoto mkononi na chanjo zake zote za utoto zinamngoja, na pengine akilijua leo atageuka aondoke na wanawake wote wale nyuma yake, hakuna atakayechanjwa hapa, kamati itanila nyama, na Ruweida atakuwa na haki, lakini akibaki atakuwa amebaki yeye mwenyewe, hatakuwa amenishika mimi guo kama mtoto, mimi nitakufa siku moja, hawezi kunishika guo milele, na nimemwambia Mapenzi, ngoja kidogo, sindano yako usiitie bado, na nimeita, Ruweida, njoo mwanangu, na wanawake wamempisha, anakuja polepole na tumbo lake, na Mapenzi kaniinamia sikioni, ndiye binti wa huyo mtu wako? mama, ni lazima aambiwe leo, katika hali hii? nikamwambia ni lazima, atakuaminije kwa la mtoto ukimficha la mamake, akarudi nyuma, sindano akaiweka chini kwenye sinia, nikamvutia Ruweida kiti, akaketi, magoti yetu yakagusana, akauliza, kuna nini mama, mbona hujachanjwa, nikaushika mkono wake kwa huu wa kulia, nikamtazama nesi, nikamwambia haya, mwambie kama ulivyoniambia mimi.