Gundi Isiyoogopa Maji

Mimi ni msusi, na nina mdomo. Wateja wanajua: ukija saluni kwangu na kichwa kimejaa mba, utasukwa vizuri na utasemwa vizuri. Ni kwa mdogo wangu tu nilikuwa nafunga breki.

Yeye ndiye fundi hasa. Wateja wanamwita Vidole, maana akikusuka huumii, na ukitoka unajitazama kwenye kioo cha kila gari. Basi Vidole huyo hakuwa na unywele hata mmoja. Aliugua, akapona, lakini nywele zikaondoka na ugonjwa, na daktari akasema zisisubiriwe. Mchumba naye hakusubiri. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, ila hawakutuambia habari za msusi asiye na cha kusuka. Nikamshonea wigi zuri kuliko yote dukani, na kwa miaka miwili hakuna aliyekiona kichwa chake ila mimi. Akawa anasukia kwenye kiti cha mwisho, kakipa kioo mgongo. "Mimi ni wa kufunikwa tu, dada," alikuwa akisema, nami kwa kumpenda nikawa nafunika.

Kisha akaja mke wa mchungaji kusukwa. Mama huyo anaongea na kichwa hakitulii, na akicheka anacheka mwili mzima. Akawa anatueleza jinsi Mungu anavyotujua, hata idadi ya nywele zetu anayo.

"Basi kwangu kapata likizo," mdogo wangu akasema, na kabla sijamkanyaga mguu, akamnong'oneza sababu.

Nilidhani mama yule atamwonea huruma. Alicheka mpaka kitana kikaanguka, kisha akamshika mkono. "Mwanangu, aliyehesabu zilizoota anazijua na zilizoanguka. Hakupoteza hata unywele mmoja, sembuse wewe."

Mdogo wangu alilia juu ya kichwa cha mteja. Jumapili akaenda kanisani, na iliyofuata akaenda tena, na siku moja nikamkuta anaosha mabeseni huku anaimba, mtu ambaye hata kula nilikuwa namlazimisha. Mimi kanisani nilikuwa mtu wa harusi na misiba, lakini nilifurahi, sisemi uongo.

Tatizo likaja na ubatizo. Kanisa lao halinyunyizi. Linazamisha, kichwa na vyote, kwenye birika lililoko uani, mchana kweupe, kila mtu akitazama. Na nusu ya wateja wetu wanasali hapo.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Gundi ipo."

Jumamosi tukafunga saluni mapema tufanye majaribio. Nikambandika wigi kwa gundi ambayo muuzaji aliniapia haiogopi maji, nikaongeza pini, nikamwinamisha kwenye sinki la kuoshea nywele na kumzamisha. Akaibuka yeye, wigi likabaki linaelea kama paka aliyekufa maji. Nikaongeza gundi. Safari hii likatoka na kuziba tundu, maji yakafurika mpaka mlangoni. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni humo humo majini. Kisha mimi nikaacha kucheka.

"Mwambie mchungaji una mafua. Aahirishe mpaka nipate gundi ya maana."

Akajifuta uso. "Hebu nikuulize, dada. Nikizama na wigi limenata hivi, kesho atakuwa amebatizwa nani?"

"Wewe, na heshima yako kichwani!" Nilifoka kwa sababu niliogopa. Nilishayaona macho ya wateja, na nilishamwona akijifungia chumbani kama zamani. Yeye alichukua dekio akaanza kukausha sakafu, wala sikujua ameamua nini.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza ukingoni mwa birika, nina taulo, pini, na wigi la akiba mkobani. Muuza nyama wa sokoni alitangulia kuingia. Akapiga kelele kwamba maji ni barafu, watu wakavunjika mbavu. Ikafika zamu ya mdogo wangu, kanzu nyeupe, wigi kichwani. Akashuka kipandio cha kwanza, akasimama, akanigeukia. Nikamkazia macho: usithubutu.

Akapeleka mikono kisogoni, akalivua, akanipa. "Nishikie."

Mteja mmoja, yule bingwa wa kusengenya, akasema, "Kumbe!" Nilikuwa tayari kumrukia. Lakini mchungaji, ambaye kipara chake kinang'aa mpaka viti vya nyuma, alijishika utosi akasema kwa sauti, "Karibu, binti yangu. Afadhali leo tuko wawili." Watu wakaangua kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa mdogo wangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaziba pua, akazama.

Alipoibuka watu wakaimba. Mimi nikaingia majini na viatu vyangu, nikamtupia taulo kichwani kabla hawajamtazama vizuri. Akalishusha taratibu mpaka mabegani. Akasimama pale, maji yanamtiririka, jua linampiga utosini, mzuri jamani, mzuri kabisa, na miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikimficha. Machozi yakanitoka mbele ya wateja wangu wote.

"Dada," akaniambia, kafumba macho, anageuza kichwa huku na huku, "kumbe kuna upepo!"