Mpagazi Aliyegeuka Nyuma

Lugembe hakuchonga ili watoto wapate vya kuchezea. Alichonga ili Tabora nzima ikae kimya. Maonyesho ya bomani yalikuwa yamekaribia, na juu ya ubao mpana barazani kwake alikuwa amejenga safari nzima: vilima vya udongo, mito ya vipande vya kioo, na njia nyekundu ya misafara ikipanda kuelekea mji ambao hakuna aliyewahi kuuona, mji wa malango ya pembe na minara yenye mabawa. Wapagazi wake, wadogo kama kidole gumba, walimfuata kiongozi mwenye kichwa cha ndege. Kila mpagazi na mzigo wake walikuwa kipande kimoja cha mti. Katikati hapakupita hata ukucha.

Mwanzoni mwa njia palibaki patupu. Akaweka hapo kijumba cha msonge, cha nyasi, kama vile alivyoviona utotoni kule Puge kwa kina mama yake. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Kulipokucha, mpagazi wa mwisho alikuwa amegeuka. Wenzake wote waliutazama mji. Yeye aliupa mgongo, macho kwenye kijumba.

Lugembe akamgeuza, akamgandisha kwa ulimbo. Asubuhi iliyofuata amegeuka tena, na ulimbo miguuni mwake haukupasuka popote.

"Fundi," Nassibu mshona viatu alimtania kutoka baraza ya jirani, "huyo wako kasahau tumbaku nyumbani?"

"Cheka tu. Bwana Shauri, mkuu wa boma, akiniita mbele ya watu, utakuja kunibebea ubao."

"Ubao nitabeba. Huyo mwenye kugeuka, umbebe mwenyewe!"

Hasira zikampanda. Nyumba ile walikaa wawili tu, yeye na mama yake, Apolinaria. Alimkuta uani akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama. Kama hutaki niende bomani, niambie. Usinichezee kazi yangu."

"Marahaba. Kazi ipi?"

Mama hakuwahi hata kuitazama. Aliona ni mambo ya vijana. Akajipangusa unga mikononi, akamfuata barazani. Alipokiona kijumba, alishika nguzo.

"Nani kakutuma umjengee?"

"Nimjengee nani?"

"Kijumba kama hicho anaingia nani, Lugembe? Wewe? Mimi? Kwetu hujengewa aliyekufa, apate pa kufikia. Padri kaniomba mara ngapi nimsomeshee baba yako misa, nikakataa. Nduguze walitaka kumjengea, nikawafukuza. Vita vilimchukua na mzigo kichwani, na hakuna aliyeniletea habari kwamba ameutua. Mimi namngoja bado. Wewe umeshamzika."

Lugembe alikuwa mtoto wa mgongoni baba yake, Tobias, alipochukuliwa kuwabebea askari mizigo. Sura yake hakuijua. Alimwona mama yake akinyoosha kidole, akiligusa sikio la kushoto la yule mpagazi, lenye pengo. Pale kisu kiliteleza. Ndivyo alivyodhani siku zote.

"Alikuwa nalo hili," mama alisema. "Aling'atwa na mbwa kule Nzega, kabla hatujaoana."

Kiburi chote kilimwishia Lugembe. Alikikamata kijumba kwa mikono miwili.

"Nakivunja, mama. Utaendelea kumngoja."

Mama akamshika mkono. "Ukivunja aende wapi? Ameshauona mlango."

Alikichukua mwenyewe, akakiweka uani karibu na mafiga, na mpagazi mbele yake. Akapiga ishara ya msalaba. Kisha akakoroga unga wa mtama kwa maji katika kibuyu, akaumimina kidogo kidogo mlangoni.

"Baba Lugembe," akasema, "umetembea sana. Tua mzigo."

Siku ya maonyesho Nassibu alifika mapema, akauinua ubao begani kama alivyoahidi. "Huku nyuma mbona pana pengo? Watu watauliza."

"Waulize," Lugembe alisema, akapita uani kuaga.

Mzigo ulikuwa nje ya kijumba, umeegemezwa ukutani. Aliuokota. Hapakuwa na alama ya kisu wala ya kuvunjika. Ulikuwa laini pande zote, kama uliochongwa peke yake tangu mwanzo. Mpagazi hakuwepo. Mlango wa kijumba haukutosha hata kidole.

Akaurudisha mzigo pale pale. Mama alikuwa akifagia, taratibu, akikizunguka kijumba kwa mbali. Alikuwa amevaa nguo nyeusi.

"Fundi, twende!" Nassibu aliita kutoka barabarani.

"Mwambie apunguze sauti," mama alinong'ona. "Amelala."