Jina la Kinyonga wa Roxanne Tuttle

Roxanne Tuttle aliendesha basi la shule mjini Lakeland, Florida, na kati ya madereva wenzake hakuna aliyewahi kumwona akimwogopa mtu. Aliyemkosesha raha ni Thurman Oakes peke yake. Si kwamba Thurman alikuwa na ngumi, alikuwa na mdomo. Ndiye mwenyekiti wa chama cha wafuga vinyonga. Ukimpelekea mnyama wako humtazama kwa kioo cha kukuza, anaguna, kisha anakwambia huyo ni nani, na akishasema amesema.

Roxanne alikuwa na jike kutoka milima ya Usambara. Wafanyabiashara wanaowaingiza vinyonga hao huwarundika aina zote pamoja na kuwabandika jina moja, na kwa majike ndiyo balaa zaidi, maana pembe zao ni vijinundu tu au hazipo kabisa. Kuwatofautisha kunataka macho na subira. Roxanne aliangalia vijino vya mgongoni vinaishia wapi, akaangalia magamba ya shavuni, akalinganisha picha mpaka macho yakamwasha, akaamua: huyu si wa kawaida, huyu ni yule adimu ambaye wanachama wengi walikuwa wakimsikia tu. Alipolisema mkutanoni, Thurman alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kila mwaka hakosi mama mmoja mwenye adimu wake!" alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mijitu mizima na ndevu zao.

Tangu siku hiyo Roxanne alitaka kitu kimoja tu duniani: Thurman ayameze maneno yake.

Mumewe, Merle, hakuelewa kitu. "Mke wangu," alikuwa akilalamika, "huyo mjusi ana mashine ya kumnyunyizia ukungu, ana taa yake ya kuota joto, na anakula mende wa dukani. Mende wa dukani, Roxanne! Mimi jana nimekula soseji baridi nimesimama."

"Na wewe ukianza kutaga nitakununulia mende."

Hatimaye Thurman alikubali kuja Jumamosi kumtazama, kwa shingo upande. Na Jumamosi hiyo hiyo asubuhi, ona mkosi, jike akashuka kwenye ndoo ya mchanga na kuanza kuchimba shimo la kutagia.

Kwa wafuga vinyonga hili halina mjadala. Jike akichimba, unafunika kizimba kwa shuka, unaondoka, na huchungulii hata nyumba ikiwaka moto. Akiona jicho linamtazama anaacha shimo. Akiacha shimo mayai yanaweza kumkwama, na yakimkwama anakufa nayo tumboni. Roxanne mwenyewe alikwisha kuwafokea wenzake kwa kosa hilo. Akafunika kizimba pale barazani, akaomba wageni wapate pancha.

Hawakupata. Thurman alifika na wenzake wawili, shingoni kamera.

"Anataga," Roxanne alisema. "Rudini wiki ijayo."

"Akishataga rangi zitabadilika, dada, nitasemaje ni nani?" Thurman alitabasamu. "Au unaogopa nitakachokiona?"

Hapo ndipo alipomweza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakuwa wamekutana na Thurman. Roxanne, na akili zake zote, alikwenda akainua pembe ya shuka.

Thurman akachutama. Akatazama. Safari hii hakuguna.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Ni yeye. Nilikosea."

Lo! Utamu wa neno lile! Lakini jike naye alikuwa amegeuza jicho moja juu. Alisimama, akatoka shimoni, akapanda tawi la mbali kabisa, rangi yake imekuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Kamera zikalia. Roxanne akaacha kutabasamu.

"Tokeni."

"Picha moja tu nzuri, hii imetikisika..."

"Tokeni nyumbani kwangu, mbwa nyie! Nje!"

Jumapili jike hakushuka. Mende waliwekwa, hakuwagusa. Roxanne alikaa jikoni akilia na kujitukana. "Umepata ulichokitaka, mjinga wewe. Haya, kula basi." Merle hakutania. Alimletea chai, akakaa naye.

Jumatatu jioni, akiwa anaosha vyombo, Roxanne alisikia kwaru, kwaru, mchanga ukigonga plastiki kule barazani. Aliganda na sahani mkononi: kizimba kilikuwa wazi, na kwenda kukifunika sasa kungemshtua. Ndipo simu ikalia, akairukia kabla haijalia tena.

"Dada!" Ni Thurman, sauti yake imejaa upepo wa barabarani. "Tunakuja! Magari mawili. Nimewaambia wote, na yupo bwana mmoja ametoka Miami makusudi."

"Msije," alinong'ona. "Anachimba."

"Hatutaingia ndani. Baraza lako limezungushiwa wavu tu, tutamwona tukisimama uani. Mnyama kama huyo si wako peke yako sasa, ni wa chama."

"Nitawafungia geti."

"Tutatazama juu ya uzio. Dada, baada ya dakika chache tuko hapo!"

Roxanne aliwajua watu wake. Kwa kinyonga wa kawaida wasingepoteza hata mafuta ya gari. Kwa yule adimu wangepanda juu ya paa. Aliufikiria ukumbi ule na vicheko vyake, akafumba macho.

"Thurman, mmepoteza safari," alisema. "Leo nimemtazama vizuri. Vile vijino ulivyoviona ni ngozi iliyokuwa inabanduka. Imeshatoka yote. Ni wa kawaida."

Kisha kicheko, kile kile. "Nilijua! Nilijua tangu mwanzo! Ngoja, ngoja, naweka sauti kubwa wenzangu wasikie. Haya, sema."

"Ni wa kawaida," Roxanne alinong'ona.

"Hatusikii!"

Kule barazani kucha ziliendelea kukwaruza, kwaru, kwaru. Roxanne alivua viatu. Alipita sebuleni akinyata, simu mkononi, akafungua mlango wa mbele, akaurudisha nyuma yake taratibu kabisa usije ukagonga. Akavuka nyasi miguu mitupu hadi ukingoni mwa barabara, ambako majirani walikuwa wamekaa nje na bia zao. Hapo akavuta pumzi, na kwa sauti anayowafokea watoto watundu wa viti vya nyuma, akapiga kelele mtaa mzima ukageuka.

"Ni wa kawaida, Thurman! Mimi ndiye niliyekosea!"