Pa Kulia

Gari la kukodi lilikuwa dogo, jeupe, na lilikuwa na tabia moja ya kuudhi: kila mara mkwe alipotaka kuonyesha kwamba anakata kona, waipa ziliamka na kuanza kufuta kioo kikavu. Mkwe alikuwa fundi wa mafriji, amezoea pikapu yake ya kazini, na humu vijiti vya usukani vilikuwa vimebadilishana pande. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amefuta kioo mara kumi na moja na hajaonyesha kona hata moja.

"Hili gari lina lake jambo," alisema.

Nyuma yake alikaa mama mkwe, mshona sare za shule aliyestaafu, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Binti yake, aliyekaa mbele, aliamini wamekuja kumtembeza mama apunguze mawazo. Wangeona mlima uliowahi kutema moto, ziwa lililotulia kileleni mwake na chemchemi za maji yanayochemka, kisha saa kumi na mbili jioni gari lirudi kwa mwenyewe na wao wapande meli. Mama aliwaacha waamini hivyo.

Karatasi ile aliikuta miezi minane iliyopita, wiki ya pili baada ya kumzika mumewe, imekunjwa ndani ya jalada la kitambulisho chake cha zamani cha kazi. Kabla hawajaoana marehemu aliishi miaka miwili kisiwani hapa, akijenga barabara hii hii inayozunguka mlima. Alikuwa mtu wa maneno machache na mazoea mengi. Jioni lazima aandae mezani sahani mbili, hata siku ambazo mkewe amebanwa na sare mpaka usiku, na asile mpaka mkewe arudi. Chakula kinapoa, mke anafoka, yeye anatabasamu tu. Lakini ukimuuliza habari za kisiwa, jibu lilikuwa moja kwa miaka thelathini na minane: "Kuna mawe meusi." Halafu anaomba chumvi.

Na sasa karatasi. Mstari wa penseli unaozunguka mlima, daraja, alama ya msalaba, na maneno manne: *Pa kulia. Sisi wawili.*

Wawili gani? Mama alifikiria mwanamke. Halafu akafikiria kaburi, la mtoto labda, na watu wawili wamesimama wanalia. Tangu siku hiyo machozi yalimkauka kabisa. Majirani walimsifu kwamba amejikaza, nao walikosea. Hakujua tu kama mume huyo ni wa kumlilia au wa kumkasirikia, na alikuwa amechoka kutojua.

Walipofika darajani akatoa karatasi.

"Baba yenu aliandika hii. Nataka kufika hapa penye msalaba."

Mkwe aliisoma akaona ni jambo la dakika mbili. "Rahisi, mama. Ukivuka daraja, unashika kulia." Akakata kulia, waipa zikafuta, na barabara ikawapeleka kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ikaishia hapo. Hapakuwa na kitu ila mawe meusi, yamerundikana kila upande. Angalau hapo marehemu hakudanganya.

"Wewe nawe," binti alisema wakirudi. "Pa kulia ni pa kulia chakula. Ni hoteli." Basi wakapita tena njia kuu mpaka kwenye chemchemi, ambako mvuke ulinuka mayai mabovu na hoteli ilikuwa moja tu. Mhudumu aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, akasema hoteli yao ina miaka sita, na je, wangependa supu?

Walirudi darajani kwa mara ya tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka, na mama alikuwa ameteremsha kioo, anakodolea macho majani ya kando ya barabara.

"Mama, unatafuta nini hasa?"

"Kaburi," alijibu.

Binti aligeuka, mdomo wazi. Mkwe, kwa kuchanganyikiwa, akapiga honi badala ya breki.

Honi ile ilimtoa mkata tiketi kwenye kibanda chake, hapo njia ya kupandia ziwani inapoanzia. Alikuwa mzee mwembamba, koti limemzidi, na mama aliona mara moja kwamba mikono ya koti hilo ilihitaji kupunguzwa kwa urefu wa vidole vitatu.

"Nyie mmepita hapa mara tatu," alisema. "Nikajua mnapima barabara. Tiketi ngapi?"

Mama akampa karatasi. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akamtazama mama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Mwandiko wa Kimya huu! Ndivyo tulivyomwita tukijenga barabara hii. Yuko wapi?"

"Amefariki. Mimi ni mkewe."

"Pole, dada. Pole sana. Mkewe yupi? Yule mshona sare?"

Kwa hiyo walikuwapo wengine wa kuchaguliwa? "Mshona sare ni mimi," mama alisema kwa ukali. "Wewe niambie huyo mwingine."

"Mwingine nani, shemeji?"

Aliwavusha barabara, upande wa kushoto. Hatua kumi tu ndani ya majani kulikuwa na jiwe jeusi, pana, bapa kama meza ya kukatia vitambaa.

"Ukitoka machimboni liko kulia," mkwe alinong'ona, akijitetea.

"Hapa ndipo Kimya alipokuwa analia chakula cha mchana," alisema mzee. "Sisi wote kule chini, yeye huku. Ana sahani mbili za bati. Moja anapakua, nyingine anaiweka upande ule, tupu. Tukamcheka sana. Ya nani hiyo? Anasema, ya mshona sare. Bado hajanikubali, lakini hapa tunakula sisi wawili."

Mama alisimama kama aliyesahau njia ya nyumbani. Miaka hiyo miwili barua zake zilikuwa zikija, naye alikuwa akizijibu: hapana, bado, nitafikiri.

"Mbona hakuniambia?"

"Sasa shemeji, si ulimkubali? Angekwambia ya nini tena?"

Hilo nalo mama hakulielewa vizuri. Aliketi upande ule, upande wa sahani tupu, akamwomba binti yake bakuli la mayai ya kuchemsha waliyofunga kwa safari. Alimenya moja akaliweka ng'ambo ya jiwe. Akamenya la pili, akaling'ata, na hapo hapo machozi ya miezi minane yakamtoka yote kwa pamoja, yakamwagikia bakuli, mkoba na karatasi ya saruji. Alikuwa amemfokea mtu huyu kwa ajili ya wali uliopoa.

Mkwe alitazama saa, akatazama mke wake, akatazama barabara.

"Mama, samahani," alisema mwishowe, taratibu sana. "Tukitoka hapa, nishike kushoto au kulia?"

"Kulia," mama alisema, mdomo umejaa yai, na mwenyewe hakujua amejibu kulia ipi.