Kona Nyeusi ya Picha

Mweka hazina wa kanisa alipoingia na kreti ya soda, sote tuliojazana sebuleni kwa Flashi tulitazamana. Mtu yule mkono wake ni wa birika. Leo ana nini?

Tulikuja kwa ajili ya Mjomba, mtunza kanisa. Kinara kikubwa cha shaba kilikuwa kimepotea, na wazee wa kanisa wakamnyang'anya funguo mbele ya waumini wote, wakamkabidhi mweka hazina. Jumapili wangemfukuza kabisa. Tumaini lake lilikuwa mpwa wake, Flashi, aliyepiga picha za kalenda mle ndani siku ileile kilipopotea. Lakini pichani madhabahu haikuwa na kinara, na upande wa kushoto ni weusi tupu kama lami.

"Mpwa wangu, hebu fungua hicho kiza," Mjomba akasihi.

"Ya nini?" mweka hazina akadakia. "Giza linapendeza. Lile ni kanisa, si duka la simu!"

Mama Redio, jirani yetu, akanifinya. "Umemsikia? Soda ya kutuziba midomo hii." Naye alikuwa kwenye chupa ya pili.

Flashi akavuta vivuli kwenye kompyuta ili ving'ae. Weusi ukageuka kijivu, umejaa chengachenga kama mchanga.

"Bega lile!" mmoja wetu akapaza sauti.

"Bega wapi? Kipara hicho! Mtaani hapa nani ana kipara?"

Mweka hazina akavaa kofia.

"Chenga tu hizo, jamani," Flashi akasema. "Ukilivuta giza kwa nguvu, linakuonyesha unachokitaka. Subirini."

Kanisani, kamera yake ilikaa kwenye stendi, ikapiga sehemu ileile mara tatu: picha ya giza kwa ajili ya madirisha, ya wastani, na ya mwanga mwingi kwa ajili ya kona. Akafungua ile ya mwanga. Madirisha yakaungua kwa mwanga, meupe pe, lakini kona ikaamka: nguzo, viti vya akiba, na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheusi chenye pindo la uzi mwekundu.

Flashi akashika mdomo.

"We Flashi," Mama Redio akasema, "si kitambaa chako kile?"

"Kinara kilikuwa kinameremeta, kinaniharibia picha. Nikakisogeza kule, nikakifunika... Mjomba, nilisahau kabisa!"

Wiki nzima tulikuwa tumepekua nyumba za watu hadi mvunguni. Kanisani hakuna aliyeinua kitambaa.

Mweka hazina akaziweka funguo katikati ya chupa. "Chukua, ndugu yangu. Mimi nilichelea picha isije ikakuonyesha wewe, ukafungwa, ndiyo maana nikataka giza libaki."

Mjomba hakuzigusa.

"Kaa nazo mpaka Jumapili. Mlinivua mbele ya watu, mtanivika mbele ya watu."

Mama Redio akairudisha chupa ya tatu kwenye kreti, polepole, kabla haijafunguliwa.